Kufunika mteremko kwa mimea inayolisha nyuki na ndege chozi

Ukijenga Lushoto, kwenye milima ya Usambara, unaanza kwa kukata kilima. Fundi anachimba upande wa nyuma mpaka apate uwanja wa nyumba, kifusi anakimwaga mbele, na siku unayohamia unajikuta na miteremko miwili. Nyuma kuna ukingo mwekundu uliosimama kama ukuta. Mbele kuna udongo wa kujaza ambao haujawahi kushikwa na mzizi wowote. Masika ikiingia, asubuhi moja unaamka unakuta shamba lako liko barabarani.

Masika yangu ya kwanza niliuchota udongo wangu kwa koleo kutoka kwenye mfereji wa jirani. Ya pili ilinikuta nimeshapanda wedelia, yale majani ya kutambaa yenye ua la njano kama alizeti ndogo. Nilipewa bure na mtu aliyekuwa akiyang'oa kwake, na wala sikumuuliza kwa nini anayang'oa. Baada ya mwaka na nusu mteremko ulikuwa umefunikwa kweli, lakini na magimbi ya jirani yalikuwa yamefunikwa, na mfereji pia. Mpaka leo nikiona kipande nakivuta, maana pingili moja ikiachwa chini inaota upya.

Kwa hiyo ukiambiwa mmea fulani hauhitaji matunzo yoyote, uliza kwanza unafanya nini usipotunzwa. Unachotafuta ni mmea unaodai kazi kidogo mara moja au mbili kwa mwaka, unaoshika udongo, na unaompa mdudu au ndege kitu cha kula. Niliyoandika hapa yanahusu nyanda za juu zenye mvua ya kutosha, kama Usambara, Upare, Uluguru, au Taita kwa ndugu zetu wa Kenya. Pwani mimea mingine itakushinda kwa joto, ila utaratibu ni ule ule.

Hatua ya kwanza: pima mteremko, na uangalie maji yanatoka wapi

Kabla ya kununua mche wowote, toka nje mvua kubwa ikinyesha. Vaa mabuti usimame uangalie. Nyumba nyingi nilizoziona, maji yanayokata mteremko hayatoki kilimani, yanatoka kwenye bati. Paa lisilo na mfereji linamwaga maji yote kwenye mstari mmoja, na mstari huo ndio unaokuwa korongo. Funga mifereji ya paa, weka simtanki au pipa, yanayozidi uyapeleke kwa bomba hadi mahali penye mawe. Hakuna jani linaloshindana na maji ya bati.

Kisha pima. Chukua kamba ya mita 10, mtu mmoja ashike ncha ya juu chini kabisa kwenye udongo, wewe uende chini ya mteremko na ncha ya pili uinyanyue kwenye mti mrefu mpaka kamba ilale sawa. Chupa yenye maji nusu ikilazwa juu ya kamba inakuonyesha kama imelala sawa. Urefu kutoka kamba hadi chini ndio kipimo chako. Ukiwa chini ya mita 3, mimea ya kutambaa peke yake inatosha. Kati ya 3 na 6, weka mistari ya nyasi kwenye kontua, yaani mistari inayokatiza mteremko bila kupanda wala kushuka, na mimea ya kutambaa katikati. Zaidi ya hapo unahitaji ngazi au mawe kwanza, mimea baadaye.

Ukingo wa nyuma uliosimama wima usiupande usoni. Panda juu yake mimea inayoning'inia, na chini panda inayopanda, uache usoni palivyo. Nitaeleza sababu mbele kidogo.

Tena kuna jambo la kutochezea. Ukiona ufa mrefu juu ya mteremko, miti imeanza kuinama, au maji yanachimbuka mahali ambapo hayakuwapo, hiyo si kazi ya bustani. Mimea hii inashika ngozi ya mteremko. Maporomoko huanzia chini zaidi ya mizizi yake. Ita mhandisi, na mvua ikizidi usilale chumba cha nyuma.

Hatua ya pili: andika kalenda ya njaa

Watu wengi huchagua mimea kwa kuangalia ua. Chukua karatasi uandike miezi 12, halafu ujiulize nani atakuta chakula hapa kila mwezi. Wakati wa masika kila kitu kinachanua, kunde, maboga, magugu ya njiani, na nyuki wameshiba. Taabu ni kuanzia Juni hadi Septemba, baridi na ukungu, halafu ukavu. Na tena Januari na Februari jua linapowaka. Mmea mmoja unaochanua Agosti una thamani kuliko mitano ya Aprili.

Kwangu kalenda imekaa hivi, na mimea yake mingi nitaieleza mbele. Machi hadi Mei ni maboga na kunde. Juni hadi Septemba ni fiwi na mishubiri. Vuli ni desmodiamu na thanbejia, ile ya kutambaa yenye ua la chungwa lenye jicho jeusi. Januari na Februari nategemea karanga za mapambo sehemu yenye unyevu na rozimari sehemu kavu. Yako itatofautiana kwa wiki kadhaa, kwa hiyo iandike kwa penseli.

Na chakula si asali ya ua peke yake. Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, anakunywa utamu wa maua lakini makinda yake anayalisha buibui na wadudu laini. Chiriku wanataka mbegu. Kinyonga anataka nzi. Viwavi wa kipepeo mmoja wa rangi ya chungwa wanakula matembele, na ukiona majani yametobolewa usikimbilie dawa, maana ukinyunyiza umemmaliza kiwavi, na chozi naye hana cha kumpelekea kinda.

Sasa kuhusu ule ukingo wa nyuma. Kuna nyuki wengi ambao hawaishi mzingani. Kila jike huchimba kitundu chake mwenyewe kwenye udongo mkavu unaopigwa na jua. Ndege keremkerem naye huchimba tundu lake la kutagia kwenye kingo za namna hiyo. Ukifunika kila mahali kwa majani umewalisha halafu umewanyima nyumba. Acha sehemu ya ukingo wazi, hata kama ni upana wa mlango tu, upande wa jua, mahali maji hayapiti.

Hatua ya tatu: chagua, na uchanganye

Mistari ya kushika. Nyasi ya vetiva ndiyo inayoshika kuliko zote ninazozijua. Mizizi yake inashuka wima mita 3 na zaidi, na haisambai kwa mbegu. Ila mnyama hapati kitu pale. Ni ukuta, basi. Majani ya Guatemala yamezoeleka kwetu tangu miradi ya hifadhi ya udongo ya miaka ya 1980, na faida yake ni kwamba ng'ombe wanakula. Mimi nimechanganya, vetiva kwenye kifusi, Guatemala karibu na banda. Mistari hii ni mifupa, chakula kinakuja katikati yake.

Mshubiri wa kienyeji. Huu ndio naupenda kuliko yote. Mishubiri ya Afrika Mashariki ni mingi, lakini kwa mteremko tafuta ile mifupi inayozaa vitoto pembeni na majani yenye madoadoa. Inakaa na ukame, mbuzi anaionja mara moja tu, na mizizi yake haiendi mbali lakini inafumana. Inapochanua Julai, asubuhi kabla ukungu haujaondoka, chozi wanakuja wawili wawili. Dume ananing'inia kwenye bua, anaingiza mdomo ua moja baada ya jingine kuzunguka kichwa chote, na akitoka paji lake lina unga wa njano. Nyuki wanafuata jua likitoka. Usiing'oe porini. Biashara ya mishubiri ya porini kati ya nchi inadhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa, na hifadhi ya msitu kama Magamba haichimbwi bila kibali. Omba vitoto kwa jirani. Mmea mmoja mkubwa unampa vitoto vya kutosha mpaka anashukuru ukivichukua.

Fiwi, ambayo Kenya huiita njahi. Ipande masika inapoelekea mwisho. Mzizi wake unaenda chini, hivyo inabaki kijani wakati kunde zimeshakauka, na maua yake ya zambarau yanawavuta nyuki weusi wakubwa, wale wanaotoboa mbao za paa. Inarutubisha udongo, unakula mbegu zake, na mabua yanabaki kuwa matandazo. Ubaya wake ni kwamba haidumu. Baada ya msimu mmoja au miwili unapanda upya, na itapanda juu ya kila kitu kilicho karibu kama hukuikata.

Desmodiamu inajulikana kwa wafuga ng'ombe na kwa wakulima wa mahindi wanaoipanda kuzuia gugu la viduha na kiwavi bungua. Inatambaa, inatia mizizi kila pingili, ua lake ni la waridi. Miezi mitatu minne ya mwanzo ni mvivu sana, palizi usipoifanya inamezwa. Ikishafunga, magugu hayapiti. Maganda ya mbegu zake yananata kwenye nguo, kwa hiyo usiipande kandokando ya njia ya kwenda kanisani au msikitini.

Karanga za mapambo zina ua dogo la njano na zinafanana na karanga ya kawaida, ila hazikupi karanga za kula. Asili yake ni Brazili. Ni mgeni, lakini mbegu inazaliwa chini ya udongo kama karanga yoyote, ndege haibebi, na ikitoka nje ya mstari unaikata kwa jembe. Inavumilia kivuli cha mgomba na kukanyagwa kidogo.

Ile ya jicho jeusi, thanbejia, ni ya hapa hapa Afrika Mashariki. Katika nchi nyingine imekuwa balaa, lakini kwetu iko nyumbani. Iache ifunike mawe na kifusi kibaya ambacho hakuna kinachoota. Mahali penye kivuli na unyevu weka impatiensi, ile ambayo mbegu zake zikiiva ukizigusa zinaruka. Usambara ni kwao, nayo inaota kwa kukatwa kipande na kuchomekwa tu.

Viazi vitamu watu wananiuliza sana. Vinafunika haraka kuliko vyote, na matembele ni mboga. Lakini siku ya kuvuna unachimba, na mteremko uliokaa umeshikwa mwaka mzima unaulegeza kwa mkono wako mwenyewe. Uvipande sehemu ya tambarare chini. Mteremkoni panda vya majani tu, na ujizuie.

Kwa ukoka na ile nyasi ya Kikuyu nina neno moja tu. Zinashika vizuri sana, lakini hazina ua la maana kwa nyuki na zinakaba kila kilicho karibu. Kama tayari unazo, ziache chini kabisa karibu na barabara, kazi ya huko ni kushika tu.

Usichopanda, hata kama ndege wanakipenda

Hapa ndipo nia njema inapoharibu. Lantana inachanua mwaka mzima, vipepeo wanaijaa, ndege wanakula vitunda vyake vyeusi, na ndiyo sababu hasa haifai. Ndege anakula kwako, anaenda kunya msituni. Mifugo nayo ikiila inaumwa.

Kama hujaamini, nenda Amani, upande wa mashariki wa milima yetu. Wajerumani walianzisha pale kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, wakaleta miti na vichaka kutoka kila pembe ya dunia. Msizi, ambao si mti wa asili wa pale, ulipandwa, ndege waitwao hondohondo wakapenda matunda yake, na wakaupeleka mpaka ndani ya msitu wa asili. Klidemia, kichaka kidogo cha Amerika chenye vitunda vya zambarau, nacho kilitoroka bustanini. Kwa hiyo kipimo changu ni rahisi. Mmea wa kigeni wenye tunda tamu kwa ndege sipandi kwenye mlima wenye msitu. Mgeni wa ua nampokea, mgeni wa tunda namkataa.

Alizeti pori, ile ndefu ya kandokando ya barabara, usiipande wala usihangaike kuimaliza kama ipo. Ikate kabla haijatoa mbegu, majani yake yatandaze. Yanaoza upesi na yanalisha udongo.

Hatua ya nne: kupanda bila kulima

Usilime mteremko. Nasema tena kwa sababu mikono yetu imezoea: jembe likipita kote, mvua ya kwanza inaondoka na kazi yako. Unatoboa mashimo tu, upana wa kisahani.

Ili mistari ya nyasi ikae kwenye kontua tengeneza fremu ya A. Miti miwili ya mita 2 imefungwa juu, mmoja mfupi umefungwa katikati kama ngazi, na kamba yenye jiwe inaning'inia kutoka kileleni. Simamisha fremu, weka alama pale kamba inapogusa mti wa katikati, geuza miguu mahali pale pale, weka alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndiyo sawa. Tembea nayo mteremkoni kama mtu anayepiga hatua, kila kamba inapotulia katikati chomeka kijiti. Vetiva panda vipande kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15. Ukiacha nafasi ya mkono mzima, maji yanajipatia mlango.

Kati ya mistari panda kwa zigizaga, shimo la chini likae kwenye pengo la mashimo mawili ya juu. Upande wa chini wa kila shimo acha kitutu kidogo cha udongo kama nusu mwezi kinachoshika maji. Mshubiri uinamishe kidogo kuelekea kilimani ili maji yasikae katikati ya majani ukaoza.

Kwenye kifusi kilicholegea tumia magunia ya katani. Tanga hii hatukosi katani. Gunia kuukuu lipasue, litandaze, libane kwa vijiti, toboa tundu kwa kisu upande mche ndani yake. Gunia linashika udongo msimu mmoja au miwili na kuoza lenyewe, wakati huo mizizi imeshachukua zamu. Magunia ya plastiki yale ya mbolea usitumie. Hayaozi na nyasi zinafia chini yake.

Wakati wa kupanda ni mvua mbili za kwanza za masika zikishapita na udongo umelowa kina cha kiganja. Vuli inawezekana, ila Januari itakudai maji. Msimu ule wa kwanza tia maboga na kunde katikati, zifunike ardhi wakati wale wavivu wanajikusanya. Wazee wetu walilazimishwa na mkoloni miaka ya 1940 na 1950 kuchimba matuta milima yote hii, wakayakataa, na sababu moja ilikuwa kazi kubwa isiyoleta chakula. Boga la kwanza likiingia jikoni, hakuna atakayekuuliza unapoteza muda gani kule mteremkoni.

Hatua ya tano: matunzo, na swali la nyoka

Mwaka wa kwanza hakuna ujanja, ni palizi ya mkono kila wiki tatu hivi. Ng'oa gugu, lilaze pale pale mizizi ikiwa juu. Mwaka wa pili palizi mbili zinatosha. Kuanzia wa tatu nina siku moja ya kazi baada ya masika. Nakata vetiva na Guatemala kufika magotini, napunguza thanbejia, nagawa vitoto vya mshubiri. Nusu ya mteremko nakata Juni, nusu nyingine naiacha mpaka vuli, ili wadudu wawe na pa kuhamia. Mabua ya fiwi yaliyokauka siyaondoi kabla chiriku na njiwa hawajamaliza yaliyopukutika.

Jirani yangu alipoona nimeacha majani yakue aliniuliza, "Mama, umeamua kufuga nyoka?" Swali lake ni la haki. Tumelelewa kufagia uwanja mpaka ung'ae, na sababu ipo. Mimi uwanja bado naufagia. Kati ya ukuta wa nyumba na mmea wa kwanza kuna mita 2 wazi, na njia ya kupita ina upana wa mikono miwili. Nyoka anafuata panya, na panya anafuata mahindi na takataka, kwa hiyo ghala limefungwa na jalala liko mbali. Usiku tunatembea na tochi. Na ukuni haurundikwi kwenye mteremko, kwa sababu rundo la kuni ndilo nyumba ya nyoka kuliko majani ya karanga.

Kujua kama kazi imekubali, mvua kubwa ikinyesha kinga maji ya chini ya mteremko kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani, iache usiku kucha juu ya dirisha. Asubuhi angalia tope limejaa mpaka wapi, weka alama kwa kalamu na tarehe. Fanya hivyo kila masika. Tope likiwa bado nene mwaka wa tatu, fuata njia ya maji kwenda juu polepole ukiangalia chini. Utakuta pengo mahali, na kwangu mara zote mbili lilikuwa pale mbuzi wanapokatiza.